Mkono Ambao Haukuinuka

Delyth Bebb alikuwa ameshinda, na alikuwa na hasira ya kutaka kumng'ata mtu.

Utepe mwekundu wa mshindi ulikuwa kifuani pake. Watu walimpiga mgongoni kila alipopita, mama mmoja wa Ludlow alimletea mkate wa moto wenye nyama ya nguruwe bila kuombwa, na Tinker, kijibwa chake cha kahawia chenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala, kilitangulia mbele kikitikisa makalio kama vile shamba lote ni lake. Ilikuwa Jumapili ya Agosti na mvua ilikuwa imekatika. Uwanja ule wa Shropshire, mkoa wa mawingu na mvua, ulijaa mahema, magari ya kulala na mbwa wa kila rangi, na mshindi wa mbio za vikwazo za mbwa wadogo alikuwa amepatikana. Mshindi ni mmoja, na ndiye anayekwenda fainali ya Birmingham majira ya baridi. Wa pili haendi popote. Wa pili hupewa utepe wa buluu na pole.

Na wa pili alikuwa mama yake mzazi.

Ngoja nieleze vizuri, maana hadithi hii watu wameisimulia ovyo mpaka imeota mkia. Katika mbio hizi kuna kikwazo kinachoitwa daraja: ubao wa kupanda, ubao wa kupita juu, na ubao wa kushuka. Mwisho wa ubao wa kushuka umepakwa rangi ya manjano. Mbwa akishuka lazima aikanyage ile manjano, hata kwa kucha moja. Akiruka kutoka juu yake bila kuigusa, mwamuzi anainua mkono na mwandishi anaandika makosa matano. Hapo umekwisha, funga kamba mbwa wako ukanywe chai. Sheria hii iliwekwa ili mbwa wasivunjike miguu. Lakini mbwa mdogo ni mwepesi kama kuku, kwake kuruka ndiyo raha, kwa hiyo kumfundisha kungoja ni kazi ya kuotesha mvi.

Delyth aliifanya kazi hiyo majira mawili ya baridi, jikoni kwake, kwa ubao na vipande vya jibini. Tinker alifundishwa kushuka mbio, kuweka miguu ya mbele chini na kuiacha ya nyuma kwenye manjano, kisha kuganda. Anaganda mpaka asikie neno moja: "Haya!" Bila neno hilo, hata sungura apite mbele yake hatikisiki.

Basi Jumapili ile Delyth alikuwa amekwisha kuuona ubaoni muda wa aliyeongoza, bila jina lake, na tamaa ikamwingia. Tinker akiwa bado yuko juu ya ubao, hajaifikia hata manjano yenyewe, Delyth akapiga kelele, "Haya!"

Mbwa hakukosea. Mbwa alitii, akaruka.

Mwamuzi, Ned Haycox, alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, macho yake kwenye ubao. Mkono wake haukuinuka. Delyth alimaliza vikwazo vilivyobaki, akatazama nyuma, akaona mwandishi hajaandika kitu, akamkumbatia Tinker na kugaragara naye kwenye nyasi mbichi akicheka kama mtoto. Kisha majina yakasomwa. Wa kwanza, Delyth Bebb na Tinker. Wa pili, Glenys Bebb na Mabli, bila kosa hata moja, amepitwa kwa muda usiotosha hata kupiga chafya. Hapo kicheko kikamkauka Delyth mdomoni.

Na kuna jambo jingine, nalo ndilo lenyewe. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini Delyth na Ned walikuwa wamekibana kikohozi chao tangu Krismasi. Mwamuzi na mshindani kupendana si jambo la kutangaza uwanjani. Aliyejua ni Glenys peke yake, na hakulipenda hata kidogo.

"Mtu yule hana moyo," alikuwa akisema kila Delyth alipolitaja jina la Ned. "Ana jicho tu. Miaka mitatu mfululizo ananiandikia makosa."

"Kwa sababu ulikosea, Mama."

"Najua nilikosea! Lakini mtu mwingine angepepesa."

"Ndiyo maana nampenda. Hapepesi."

Ijumaa, nyuma ya gari la maji, Ned alikuwa amemshika Delyth mikono yote miwili na kumwambia anataka wafunge ndoa kabla ya mwaka kuisha. Delyth alitaka kusema ndiyo pale pale, maana alimpenda mtu yule na nywele zake zilizoanza kuingia mvi na ucheshi wake wa taratibu. Lakini alikuwa na mashindano kichwani. "Nitakujibu Jumapili tukimaliza," alisema. "Sasa hivi kichwa changu kimejaa mbwa." Ned alicheka. Alisema amesubiri tangu Krismasi, siku mbili hazitamuua.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika.

Glenys alikuwa ameketi kwenye mlango wa gari lake, mfuko wa njegere za barafu umewekwa juu ya goti lake bovu, akimkausha Mabli kwa taulo. Mabli alikuwa mzee kwa mbwa, pua imeanza kuwa nyeupe.

"Hongera," Glenys alisema bila kuinua uso.

"Mama."

"Nimekwambia hongera. Ulitaka niimbe?"

"Uliona, Mama?"

"Nione nini? Kwani mimi ndiye mwamuzi? Mwamuzi akisema safi, ni safi. Hatubishani na mwamuzi. Hivyo ndivyo nilivyokulea."

"Niangalie basi."

Glenys akamwangalia, na Delyth akajuta kuomba. Macho ya mama yake yalikuwa mekundu. Mwanamke huyu siku ya kumzika mumewe alilia kidogo tu kisha akaenda kulisha mbwa.

"Nilikuwa pale mwisho, mkabala na daraja," Glenys alisema. "Kati ya kucha za mbwa wako na ile manjano ungepitisha mkate mzima. Kipofu angeona. Na neno lako nililisikia pia, usinifanye mjinga. Uliita mapema."

"Niliita mapema," Delyth alikubali, sauti imeshuka.

"Unajua silii kwa ajili ya Birmingham." Akafuta pua kwa taulo la mbwa. "Uongo. Nalia kwa ajili ya Birmingham! Karibu miaka ishirini naitafuta hiyo fainali, Delyth. Ulikuwa unaenda shule ya vidudu. Mwezi ujao wananipasua hili goti, na Mabli hana mwaka mwingine miguuni. Leo amekimbia kama msichana. Nimemwita kwa wakati, amengoja kwa wakati, hajaangusha kitu. Nikasema, Glenys, leo ndiyo leo. Kumbe nafasi yangu inaliwa na binti yangu, kwa sababu bwana wake ameona haya kuinua mkono."

"Sikumwomba! Naapa, Mama!"

"Ningedhani ulimwomba usingekuwa umesimama hapo, ungekuwa umelala chali." Glenys akageuza mfuko wa njegere upande wenye baridi. "Nilisema hana moyo. Nilikosea. Anao. Ila umetosha wewe na yeye tu, sisi wengine tukajinyonge. Na huyo ndiye unayetaka nimkaribishe mezani kwangu?"

Delyth alimfunga Tinker kwenye gari la mama yake, akageuka, akaanza kutembea. Kila hatua aliyopiga hasira ilipanda, na aliyemkasirikia alikuwa mmoja tu.

Desturi ya pale ni kwamba mbio zikiisha kila mtu anasaidia kuvunja uwanja, mwamuzi pia, na hakuna anayeondoka mpaka ubao wa mwisho umeingia kwenye lori. Ned alikuwa amesimama kando ya daraja lililokwisha kufunguliwa, akitafuta mtu wa kushika upande wa pili. Alipomwona Delyth anakuja, uso wake wote ulifunguka. Maskini, alidhani analetewa jibu lake.

"Shika huko," alisema kwa tabasamu. "Mzito huu."

Delyth akainama, akashika. Wakainua ubao, mmoja huku na mmoja kule, wakaanza kutembea.

"Uliona?" Delyth aliuliza.

"Niliona nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Tinker. Uliona au hukuona?"

Tabasamu la Ned likaondoka. "Jua lilikuwa linanipiga machoni."

"Jua gani, Ned? Shropshire? Leo?"

"Basi nyasi. Mbwa mdogo, nyasi ndefu, miguu inapotea."

"Nyasi zimekatwa jana jioni. Umezikata wewe. Nilikuwa nimekushikia koti!"

Watu waliokuwa karibu wakainama ghafla kufunga kamba za viatu. Watu wa huko wana adabu, hawasikilizi ugomvi wa wenzao. Wanausikia tu, wote, neno kwa neno, huku wakitazama viatu.

"Punguza sauti," Ned alisema.

"Sipunguzi. Nijibu."

Waliendelea kutembea. Ubao ulikuwa kati yao, hakuna wa kuuacha na kwenda zake. Ned alimtazama Delyth, na macho yale ambayo Delyth aliyapenda tangu Krismasi yakashindwa kukaa usoni pake.

"Niliona," alisema. "Niliona vizuri. Mkono uligoma."

"Uligoma! Umejiunga na chama cha wafanyakazi?"

"Delyth, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mkono wako miaka yote hii unainuka kwa kila mtu. Uliinuka kwa yule bibi mwenye pumu. Uliinuka kwa mama yangu mara tatu. Leo ndiyo umechoka?"

"Niliwaza Ijumaa!" Sasa na yeye sauti ikapanda. "Niliwaza uso wako pale nyuma ya gari la maji. Nilikuona unakuja mbio na mbwa wako, una furaha kuliko siku zote nilizokujua, nikawaza, nikiinua mkono hivi, nimeiua ile furaha na jibu langu ni hapana. Ilikuwa dakika moja, wala haikufika dakika. Nikachelewa. Na mwamuzi akichelewa, amekwisha."

"Kwa hiyo umeninunua."

"Sijakununua."

"Umeninunua kwa nafasi ya mama yangu!"

"Sikujua ni ya mama yako! Mimi sioni saa, sioni nani wa kwanza nani wa pili, mimi naona miguu tu! Ningejuaje?"

"Ulijua yupo mtu wa pili, Ned. Siku zote yupo mtu wa pili."

Hilo lilimpata. Delyth aliona limempata na hakumhurumia. Alikuwa amekwisha kupanda mlima wa hasira na hakuwa na nia ya kushuka.

"Wanaume wa kunisifia wamejaa tele," alisema. "Nenda baa yoyote kuanzia hapa mpaka Shrewsbury, utawakuta wamepanga foleni. Delyth mzuri, Delyth hodari. Sikuwataka. Nilimtaka mmoja wa kuniambia umekosea pale ninapokosea. Nilimwambia mama yangu hivyo hivyo. Nilikutetea mpaka tukakosana, chakula cha Pasaka tumekula kila mtu chumba chake kwa ajili yako! Kumbe nimemtetea mtu ambaye hayupo."

"Mimi ni binadamu, mimi si saa ya ukutani!" Ned alifoka, na wale wafunga viatu wakaanza kufunga viatu vya pili. "Miaka yote naamua sawa. Marafiki wameniacha, watu hawaniiti kwenye harusi zao, kwa sababu nilimwandikia mbwa wao makosa. Nimevumilia. Mara moja tu moyo umelishinda jicho, mara moja, na niliyemfanyia ndiye anayenitukana mbele ya watu?"

"Sikukuomba unifanyie!"

"Hapana. Hukuniomba."

Wakafika kwenye lori. Delyth alikuwa anahema.

"Kikombe bado kiko mezani kwa Bi Gough," alisema. Bi Gough alikuwa katibu wa mashindano, na kikombe hukabidhiwa mwisho kabisa, uwanja ukishavunjwa. "Mpaka kitoke mkononi mwake, mwamuzi anaweza kurekebisha. Nenda karekebishe."

"Unajua maana yake? Mwamuzi akikiri aliona akanyamaza, haingii tena uwanjani maisha yake yote. Hii kazi ndiyo..." Akasita. "Sina kitu kingine ninachokijua hivi, Delyth."

"Basi sema ulikosea. Sema umefikiri tena."

"Nifunike uongo kwa uongo?"

"Sijali utafunika kwa nini! Nataka mama yangu aende Birmingham!"

Ned alimtazama muda mrefu. Upepo uliwapiga, mbwa wakibweka kwenye mahema, na moyo wa Delyth, msaliti yule, uliruka kwa kutazamwa vile, hata katikati ya hasira.

"Na jibu langu?" Ned aliuliza.

"Usithubutu," Delyth alisema. "Usithubutu kuniuliza jibu sasa hivi."

Akaachia ubao. Ulitua juu ya kiatu cha Ned. Hakuomba radhi.

Watu walipokusanyika mbele ya hema la katibu, Delyth alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Mama yake alikuwa upande wa pili akimshikilia Mabli, ameegemea fimbo ya mwavuli, uso mkavu. Bi Gough alichukua kipaza sauti, akakigonga, akaanza kusema habari za vyoo na takataka. Kisha Ned akatokea. Alichechemea kidogo. Akamwambia Bi Gough neno sikioni, na Bi Gough akaweka mkono mdomoni, halafu akamwachia kipaza sauti.

"Mbio za mbwa wadogo," Ned alisema. Sauti yake ilivuma mpaka barabarani. "Mbwa anayeitwa Tinker hakukanyaga manjano kwenye daraja. Niliona. Sikuinua mkono."

Minong'ono ikaanza. Ned akangoja ipite.

"Sikuzuiwa na jua wala nyasi. Mwenye mbwa ni mwanamke ninayempenda. Nimemwomba tuoane, na sikupaswa kuamua mbio zake tangu mwanzo. Yeye hakujua wala hakuomba. Tinker ana makosa matano. Mshindi ni Glenys Bebb na Mabli, na namwomba Bi Glenys radhi. Beji yangu naiacha hapa."

Mahali pengine watu wangezomea, au wangepiga vigelegele. Pale mzee mmoja alikohoa, na mwanamke mmoja akafungua chupa yake ya chai taratibu, akamimina. Lakini vichwa vyote viligeuka nyuma kumtafuta Delyth, vikamwona, kisha vikageuka mbele haraka kwa adabu.

Delyth aliungua masikio mpaka shingoni. Alikuwa ametaka mama yake apewe haki yake. Hakuwa ametaka wilaya nzima ijue mambo ya moyo wake kati ya tangazo la vyoo na tangazo la takataka. Alivua utepe, akapenya katikati ya watu, akauweka juu ya meza na kuondoka bila kumtazama yeyote.

Nyuma yake alisikia makofi yanaanza, kwanza machache, kisha mengi. Aligeuka mara moja tu. Mama yake alikuwa ameshika kikombe kwa mkono mmoja na mbwa kwa mkono mwingine, na alikuwa amesimama mbele ya Ned Haycox.

"Bwana Haycox," Glenys alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Miaka mitatu uliniandikia makosa nikakuchukia. Leo ukaacha kumwandikia binti yangu, nikakuchukia zaidi. Sasa hivi hata sijui nikuchukie kwa namna gani."

"Chagua yoyote, Bi Glenys," Ned alisema. "Zote nimezistahili."

"Hmm," Glenys alisema. Akampa mbwa ashike, ili apate mkono wa kufuta machozi.

Delyth alimkuta Ned kwenye gari lake, akipakia kiti na koti na viatu vya mvua. Alikuwa amekuja moto, na alianza kabla hajafika.

"Nani alikwambia utangaze mapenzi yetu kwenye kipaza sauti? Nani? Nilikwambia rekebisha, sikukwambia unianike kama nguo! Kesho naingiaje dukani? Naingiaje kanisani?"

Ned alitupa viatu ndani ya gari kwa kishindo. "Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi utamalizia baadaye. Sasa zamu yangu." Aligeuka, na Delyth akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: Ned Haycox alikuwa na hasira kweli kweli, midomo imempauka. "Nimefanya ulilotaka. Nimepoteza kazi ninayoipenda, na nilistahili kuipoteza, silalamiki. Lakini nina swali moja, na nataka ulijibu sawasawa. Wewe ndiye uliyesema 'Haya' mapema. Ulimwona mbwa anaruka. Ulijua kabla yangu, Delyth. Mimi nilijua kwa macho, wewe ulijua kwa mdomo wako mwenyewe. Na bado uligaragara kwenye nyasi unacheka. Nilikuwa nakutazama. Ulicheka mpaka jina la mama yako liliposomwa."

Delyth alirudi nyuma hatua moja.

"Angekuwa wa pili ni mtu mwingine," Ned alisema, "mtu tu, mgeni kutoka Kent na mbwa wake, humjui hakujui. Ungekuja kunifokea?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Bila shaka ningekuja, wewe unanionaje? Lilikuwa jibu zuri, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulipinga. Delyth alifungua mdomo kulitoa. Alimwona huyo mtu wa Kent, na mbwa wake, na utepe wake wa buluu, anafunga vitu vyake anaondoka na pole yake. Alimwona vizuri sana.

"Nisingekuja," alisema.

Ned alifunga mlango wa gari.

"Nisingekuja! Umesikia? Ningeuchukua utepe nikaenda nao Birmingham. Na leo hii ningekuja kwenye gari hili nikakuambia ndiyo, nikakubusu, na nisingekuuliza hata neno moja. Ningekupenda zaidi kwa kunipa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalimkasirisha zaidi. "Umeridhika? Sasa unajua ulitaka kuoa mwanamke wa namna gani. Panda gari lako uende."

Ned aliegemea gari. Hasira ilimtoka usoni polepole, ikamwacha na uchovu tu, na kitu kingine ambacho Delyth hakuthubutu kukitazama.

"Basi wezi ni wawili," alisema. "Ila mimi ndiye niliyetangazwa."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Na mimi nina hasira."

"Vizuri!"

"Vizuri."

Wakasimama hivyo, hatua moja kati yao, kila mmoja anapumua kwa nguvu. Delyth alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo baya kiasi kile juu yake mwenyewe, na mtu aliyemwambia alikuwa bado yuko pale.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nitakuoa, nitaolewa, sijui, ndiyo!" Alilisema kama mtu anayetukana. "Lakini usiniguse. Bado nina hasira na wewe. Na nina hasira zaidi na mimi. Nikitulia nitakwambia, na usipige hata hatua moja kabla sijakwambia."

Ned hakumgusa. Alisogea kidogo, akamwachia nafasi ya kuegemea gari kando yake, naye Delyth akaegemea, analia, amemnunia, hatazami upande ule. Walikaa hivyo mpaka magari mengine yote yakaondoka.